Jinsi ya kuepuka haipothemia Kilimanjaro: mwongozo kwa anayepanda mara ya kwanza na mgumu (mpagazi) mpya

Maswali ni yale yale kila msimu. "Nivae nguo ngapi?" "Nikipiga kidogo kabla ya kuanza, si mwili utachemka?" "Mbona mwenzetu alizidiwa na baridi pale Machame, na barafu hata hatujaiona?" Hilo la tatu ndilo zuri kuliko yote.

Watu wengi hujiandaa kwa ajili ya kilele. Wanatafuta jaketi nene la usiku wa mwisho, halafu siku ya kwanza wanaingia msituni na jinzi na tisheti ya pamba. Mvua inawalowesha, wanafika kambini jioni, wanasimama kusubiri hema huku upepo unawapiga. Haipothemia, yaani mwili kupoa kupita kiasi, haihitaji barafu. Maji, upepo na mtu aliyesimama vinatosha, hata kama hewa ina nyuzi 8 juu ya sifuri.

Nimeandika nikiwa na Kilimanjaro akilini, maana ndiko ninakokujua. Ukienda Meru, Lenana ya Mlima Kenya au Rwenzori hatua ni zile zile, ila Rwenzori ongeza umakini wa mvua mara mbili.

Kwa ufupi: ni kitu gani hasa

Joto la ndani ya mwili huwa karibu nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, tayari ni haipothemia. Kati ya 35 na 32 mtu anatetemeka, anajibu akiulizwa, lakini vidole havimtii. Kati ya 32 na 28 kutetemeka kunapungua hadi kunakoma, anayumba, maneno yanavutika, uamuzi unakuwa wa ajabu. Chini ya 28 anapoteza fahamu, na moyo wake unaweza kuvurugika hata kwa kumbeba vibaya.

Mambo mawili ya kukariri. La kwanza: maji huondoa joto mwilini kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa tulivu yenye nyuzi zile zile. Kwa hiyo nguo iliyoloa imegeuka adui, hata iwe nene kiasi gani. La pili: kila ukipanda mita 1,000, joto la hewa hushuka kwa nyuzi 6 hadi 7 hivi. Moshi mjini ikiwa 30 mchana, kambi ya Barafu, mita 4,673, itakuwa na nyuzi 5 au 6 tu, na hapo hatujasema usiku wala upepo. Upepo nao una hesabu yake: nyuzi 10 chini ya sifuri, ukivuma kwa kilomita 40 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kana kwamba ni 21 chini ya sifuri.

Nadharia imetosha.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Huna haja ya kuuza ng'ombe. Vingi vinapatikana mitumba ya Memorial pale Moshi au vinakodishwa mjini na getini Marangu. Unachotakiwa kujua ni namna ya kuchagua.

- Nguo ya ndani inayogusa ngozi, ya poliesta au sufi, juu na chini. Jezi ya mpira ni poliesta, kwa hiyo jezi yako ya Simba au Yanga inafanya kazi hii vizuri kuliko tisheti ya pamba ya bei mbaya. Chini vaa taitsi.
- Nguo ya kati: flisi au sweta la sufi. Mbili kama unasikia baridi haraka.
- Jaketi nene la kujaza, la manyoya ya ndege au la nyuzi za kiwandani. La manyoya lina joto zaidi na ni jepesi, lakini likiloa linasinyaa na halina kazi tena. Anayepanda kipindi cha mvua achukue la nyuzi.
- Koti la mvua na suruali ya mvua. Hapa ndipo pa kutoa hela. Ponjo inafaa msituni. Juu kwenye upepo inageuka tanga.
- Mzula wa kufunika masikio, na kitambaa cha shingo cha kuvuta hadi puani.
- Glovu jozi mbili: nyembamba za ndani, na kubwa za juu zisizo na vidole vilivyotengana. Vidole vikikaa pamoja vinapashana joto.
- Soksi nzito jozi tatu au nne, na jozi moja ya kulalia ambayo haiguswi mchana, hata mvua inyeshe vipi.
- Mfuko wa kulalia unaohimili angalau nyuzi 10 chini ya sifuri, na godoro jembamba la chini yake.
- Themosi, na chupa ngumu ya lita moja yenye mfuniko unaokaza barabara.
- Mifuko mizito isiyopitisha maji ya kuwekea nguo kavu. Rambo ziache nyumbani, zilipigwa marufuku tangu 2019.
- Vyakula vya mfukoni: karanga, kashata, biskuti, tende, chokoleti, glukosi.
- Blanketi la foili. Ni dogo kama leso na halina uzito, lakini likihitajika hakuna mbadala.

Namna ya kuchagua mtumba: soma kibandiko cha ndani. Kikisema pamba tupu, rudisha. Kisipokuwepo, loweka ncha ya nguo, kamua, kisha shika. Poliesta na sufi hutoa maji mengi na kubaki na uhai. Pamba hubaki nzito na baridi. Koti la mvua ligeuze ndani nje uangalie mishono. Ukiona utepe wa mishono umebanduka au utando wa ndani unamenyeka kama ngozi iliyoungua jua, maji yatapita hapo hapo. Muuzaji atakwambia ni jipya kabisa. Mwambie asante, endelea na meza ya pili.

Hatua za kufuata mlimani

1. Funga nguo kavu kabla hujatoka hotelini. Nguo za kulalia, soksi za kulalia, jaketi nene na mfuko wa kulalia viingie kwenye mfuko usiopitisha maji, ufungwe, ndipo uingie kwenye begi. Kifuniko cha mvua cha begi peke yake hakitoshi, maana maji hushuka mgongoni na kuingia kwa nyuma. Sheria moja tu: nguo za kulalia hazitoki nje ya hema.

2. Anza kutembea ukiwa unasikia baridi kidogo. Ukianza umejifunika kama uko kileleni tayari, baada ya robo saa umelowa jasho. Jasho ni maji, halina tofauti na mvua. Ukiona paji la uso linaanza kulowa, vua nguo moja au fungua zipu. Usisubiri mapumziko.

3. Vaa koti la mvua tone la kwanza linapodondoka. Kosa kubwa la wageni wa msituni ni kusema "ni manyunyu tu." Manyunyu ya saa mbili yanalowesha kuliko mvua kubwa ya dakika kumi, kwa sababu mvua kubwa unaikimbia. Suruali ya mvua ivaliwe pia. Mapaja yaliyoloa yanapoza damu nyingi.

4. Kila mkisimama, jaketi kwanza, maneno baadaye. Unapotembea misuli inakupa joto. Ukisimama tanuri limezimika, na nguo yako ina unyevu. Weka jaketi juu kabisa ya begi la mgongoni, si chini ya chakula cha mchana. Mapumziko ya kwenye upepo yasizidi dakika tano. Mkitaka kukaa zaidi, tafuteni jiwe la kujikinga na ukalie begi. Usikalie jiwe lenyewe, linakunyonya joto.

5. Kula kabla ya njaa. Kutetemeka ni kazi ngumu inayounguza sukari ya mwilini haraka. Tatizo ni kwamba mwinuko unaua hamu ya kula. Ukifika kambi ya Horombo au Barranco chakula kitakukinai, ule tu. Kidogo kidogo, kila saa, kitu cha mfukoni. Nakushauri uchague unachokipenda nyumbani. Mlimani si mahali pa kujaribu biskuti mpya za afya.

6. Kunywa, na linda maji yasigande. Usiku wa kilele chupa igeuze kichwa chini ndani ya soksi, kwa kuwa maji huanza kuganda juu, na mfuniko utabaki unafunguka. Wenye mfuko wa maji wa mrija: ukishanyonya, puliza hewa kurudisha maji ndani, la sivyo mrija utaziba kabla hamjafika nusu ya mteremko. Themosi ya chai ya tangawizi yenye sukari ya kutosha ni dawa. Tia sukari hata kama nyumbani hutumii.

7. Ukifika kambini, badilisha nguo ndani ya dakika kumi. Kabla ya picha, kabla ya popcorn, kabla ya kusalimiana na kambi nzima. Futa jasho kwa kitambaa, vaa kavu kuanzia ngozini, kisha mzula. Nguo zilizoloa usizitundike ukidhani zitakauka usiku. Zitakuwa mbao asubuhi. Zenye unyevu mdogo unaweza kuziweka kando yako ndani ya mfuko wa kulalia. Zinazotiririka maji kaa nazo mbali.

8. Ingia kwenye mfuko wa kulalia ukiwa na joto. Mfuko hautengenezi joto, unalinda ulilo nalo. Ukiingia unatetemeka utatetemeka hadi alfajiri. Ruka ruka dakika mbili, kula kashata, jaza ile chupa ngumu maji ya moto, ivishe soksi, iweke kati ya mapaja au tumboni. Angalia mfuniko mara mbili. Chupa ikivuja ndani ya mfuko wa kulalia usiku, umejitengenezea haipothemia mwenyewe.

9. Usiku wa kilele, vaa kwa mpangilio na tembea polepole. Safari huanza karibu saa sita usiku, kutoka kambi ya Kibo (mita 4,720) au Barafu, na baridi kali kuliko zote ni ile ya saa kumi hadi saa kumi na mbili kasoro, mkiwa mmekaribia ukingo wa kreta pale Gilman's au Stella Point, umechoka na hujala. Juu vaa nguo nne au tano, chini tatu, lakini zisikubane. Soksi mbili za kubana ndani ya buti la kubana huzuia damu, na vidole vinaganda haraka kuliko ukivaa moja. Mwendo uwe ule ambao hutoki jasho na hulazimiki kusimama. Pale Uhuru, mita 5,895, piga picha uteremke. Dakika kumi na tano zinatosha sana.

Kwa wanaopanda kusherehekea Uhuru: ni desturi nzuri, tangu Luteni Alexander Nyirenda alipopandisha bendera na Mwenge kule juu kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Ila Desemba mara nyingi mvua za vuli hazijaisha. Jiandaeni kwa maji kwanza, kisha kwa barafu.

Neno kwa mgumu mpya

Ndugu yangu, wewe uko hatarini kuliko mgeni, na sababu ni kazi yenyewe. Mizigo hupimwa getini, mwisho kilo 20. Unaibeba mbio mbio kuwapita wageni, unafika kambini umelowa jasho tangu shingoni hadi kiunoni, halafu unasimama kwenye upepo kusimamisha hema la mtu mwingine. Mgeni akifika anakuta maji ya moto. Wewe nguo zako za kubadilisha ziko kwenye kibegi kilichofungwa juu ya mzigo, kimenyeshewa njia nzima.

Kwa hiyo: kibegi chako kiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji kabla ya kukifunga juu ya mzigo. Ukitua mzigo tu, vua jezi iliyoloa, vaa kavu, ndipo ushike nguzo za hema. Ni dakika mbili, hakuna atakayekufukuza. Mkilala kwenye hema la kulia chakula, tandikeni chini kwanza, turubai au mikeka, maana ardhi inanyonya joto kuliko hewa ya juu. Kula mara tatu. Kuna wakubwa wa safari wanaolisha wagumu mlo mmoja kwa siku; hiyo isikufanye ushindwe kujibebea karanga na sukari zako. Na usikubali kwenda mlimani kwa viatu vya raba vilivyotoboka eti kwa sababu "sisi tumezoea." Mwili wa mzaliwa wa Kibosho unapoteza joto sawasawa na wa mzaliwa wa Oslo.

Dalili: mtazame mwenzako, maana yeye hajioni

Hili ndilo jambo ambalo ningetaka ulishike hata kama utasahau mengine. Baridi inapoanza kuingia ndani, ubongo ndio unaotangulia kulegea. Mtu atakwambia "niko poa" huku anakufa. Usimuulize anajisikiaje. Mpe kazi.

- Mwambie aguse kidole cha mwisho kwa kidole gumba cha mkono uleule. Akishindwa, baridi imeshaingia mikononi.
- Mtazame akifunga zipu. Mtu mzima anayeichezea zipu ya jaketi kwa dakika nzima, kisha anaiacha wazi na kuendelea kutembea, huyo tayari.
- Mwambie ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili.
- Mwambie atembee hatua kumi kisigino kikigusa ncha ya kidole cha mguu mwingine.

Dalili nyingine ni mtu mchangamfu kunyamaza ghafla, kununa bila sababu, kubaki nyuma, kujikwaa, kuacha glovu moja njiani bila kujali. Ya hatari kabisa ni hizi mbili: kutetemeka kunakoma ingawa hajapata joto, na kuanza kuvua nguo akidai anaungua. Huo si ukaidi wala mashetani. Mishipa ya ngozini inalegea, damu inakimbilia nje, anahisi moto. Mzuie, mfunike.

Mtu akishapatwa: fanya hivi kwa mpangilio

1. Zuia upepo. Nyuma ya jiwe, ndani ya hema, au wenzake wamzunguke migongo ikielekea upepo. Fanya hili kwanza kabla ya lolote.

2. Mtenganishe na ardhi. Mabegi, mikeka, kamba, chochote kiwe chini yake. Blanketi juu bila kitu chini ni kazi bure.

3. Vua vilivyoloa, kama tu una kinga na una vikavu. Kama uko wazi kwenye upepo, usimvue. Mfunike na foili au turubai juu ya hizo hizo nguo ili unyevu usiendelee kukauka kwa joto lake, halafu ongeza jaketi na mfuko wa kulalia juu.

4. Mviringishe kama chapati. Chini godoro, kisha turubai, kisha mfuko wa kulalia, yeye katikati, foili au plastiki, kunja pande zote, kichwa kifunikwe mzula, uso pekee ubaki wazi.

5. Mpe vitamu vya uvuguvugu. Hii ni kwa yule tu aliye macho, anayeweza kushika kikombe mwenyewe na kumeza. Sukari ndiyo inayomsaidia zaidi ya joto la kinywaji, kwa hiyo usisubiri chai kama una glukosi au chokoleti. Anayesinzia hapewi kitu mdomoni, atapaliwa.

6. Pasha kiwiliwili. Chupa za maji ya moto zilizovishwa soksi ziwekwe kifuani na kwapani. Usizigusishe moja kwa moja na ngozi. Ngozi iliyopoa inaungua haraka bila mtu kusikia. Mikono na miguu iache.

7. Kama anatetemeka na ana akili zake, mwache atulie nusu saa. Akishakula na kupata nafuu, asimame taratibu. Akisimama vizuri, mteremke naye polepole, mtu mmoja kila upande.

8. Kama ameacha kutetemeka, amechanganyikiwa au amezimia, hatembei hata hatua moja. Alazwe bapa, abebwe kwenye machela kwa upole bila kurushwa rushwa. Tuma watu wawili kwa askari wa KINAPA (Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro) katika kambi iliyo karibu. Wana redio na utaratibu wa uokoaji. Kupumua kwake kunaweza kuwa kwa shida sana kuonekana, kwa hiyo kuangalia pumzi na mapigo chukua dakika nzima. Kama hakuna kabisa, anza kumkandamiza kifua na kumpulizia, kama umefundishwa.

Na usimtangaze kuwa amekufa. Mwaka 1999 huko Norway daktari Anna Bågenholm alinaswa chini ya barafu ya kijito, joto la mwili wake likashuka hadi nyuzi 13.7, moyo umesimama. Alipona na kurudi kazini. Mwili baridi unahitaji oksijeni kidogo, na hiyo ndiyo nafasi yake. Uamuzi wa kifo waachie hospitali baada ya kumpasha joto.

Usifanye haya

Usimpe pombe, iwe mbege, gongo au ile ya chupa. Inafungua mishipa ya ngozini, unahisi joto usoni huku joto la ndani linamwagika. Hili linajibu lile swali la "kupiga kidogo" pia.

Usimsugue mikono na miguu. Unasukuma damu baridi kuelekea moyoni, na kama vidole vimeganda unachana nyama.

Usiwashe jiko ndani ya hema lililofungwa ili kupasha joto, liwe la gesi au la mkaa. Hewa ya sumu inayotoka, kaboni monoksidi, haina harufu, na mtu aliyechoka analala moja kwa moja. Pika nje au kwenye hema lililo wazi.

Usimtumbukize kwenye maji ya moto.

Mambo yakienda kombo

*Kila kitu changu kimeloa, bado siku nne.* Kamua nguo ya ndani kwa nguvu zote, poliesta itakuwa karibu kavu, ivae. Azima moja kavu kwa kila mwenzako. Kundi la watu sita halikosi sweta la ziada. Kama mfuko wa kulalia ndio umelowa, mwambie kiongozi wako jioni hiyo hiyo, usione haya. Kupanda mwinuko na mfuko wa kulalia uliolowa hakufai. Ama upatikane mwingine, ama uteremke.

*Natetemeka usiku ndani ya mfuko.* Kwanza chini: jaza nguo au begi tupu chini ya godoro. Pili mzula na soksi kavu. Tatu kula kitu kitamu. Nne nenda haja kama umebanwa, utalala vizuri zaidi. Ikishindikana, muamshe mwenzako, lalaneni mgongo kwa mgongo. Ukiendelea kutetemeka bila kupata nafuu, muite kiongozi.

*Vidole vya miguu havisikii kitu.* Legeza kamba za buti, chezesha vidole, ongeza nguo mwilini, maana mwili ukikosa joto katikati hunyima pembeni. Visiporudi na ngozi imekuwa nyeupe na ngumu kama nta, ni kuganda kwa nyama. Teremka. Usivipashe kama vitaganda tena njiani.

*Nimepima kwa kipimajoto, kinasema 35 na haibadiliki.* Vipimajoto vingi vya nyumbani havishuki chini ya 34 au 35, na kwapa lililopoa linadanganya. Kiweke begini, tumia zipu na kidole gumba.

*Anayumba na kuropoka. Ni baridi au ni ugonjwa wa mwinuko?* Juu ya mita 3,500 hivi huwezi kuwa na uhakika, kwa sababu ubongo uliovimba kwa mwinuko unatoa dalili hizo hizo: kuyumba, kuchanganyikiwa, usingizi mzito. Kuumwa sana kichwa na kutapika kabla ya kuyumba kunaelekeza kwenye mwinuko. Nguo zilizoloa na mikono ya barafu zinaelekeza kwenye baridi. Mara nyingi ni vyote viwili kwa pamoja. Mfunike, mpashe, na ashushwe kwa kubebwa usiku huo huo. Kungoja kuche ndiko kunakoua hapa.

*Kiongozi anasema twende, mimi naona mwenzangu hayuko sawa.* Mfanyie kile kipimo cha kidole mbele ya kiongozi. Akishindwa, hakuna mjadala tena. Kilele kipo, kitakuwepo Juni pia, na Juni kuna mvua kidogo.